Usingizi Haupigi Hodi: Kwa Nini Dereva Ndiye wa Mwisho Kujua Kwamba Amesinzia

Hebu tuanze na safari ambayo wengi wetu tunaijua. Ni Desemba, siku ya mwisho ya kazi. Uko Dar es Salaam na kesho familia nzima inatakiwa iwe Moshi. Umeamka saa 11 alfajiri kama kawaida ili uwahi foleni, umefanya kazi mchana kutwa, umepita Kariakoo kumalizia zawadi, jioni mmefunga mizigo. Halafu mtu anatoa lile wazo linalopendwa na wote: "Tutoke usiku. Barabara inakuwa nyeupe, asubuhi tunakunywa chai nyumbani." Saa 3 usiku gari linawashwa. Na kusema kweli, unajisikia vizuri kabisa. Watoto wanaimba nyuma, wewe una nguvu, usingizi huuoni hata kwa mbali.

Sasa piga hesabu kidogo. Saa 4 usiku, kabla hata hamjafika Chalinze, unakuwa umekaa macho masaa 17. Saa 8 usiku, mkiwa maeneo ya Mombo, ni masaa 21. Mbele yako kuna barabara ndefu iliyonyooka kuelekea Same, giza pande zote, milima upande mmoja, watoto wamelala, mama watoto amelala. Gari linaimba wimbo mmoja tu. Hapo ndipo shughuli ilipo.

Wengi tunadhani hatari ya kuendesha na usingizi ni hii: utachoka, utaona umechoka, halafu ukiwa mbishi utaendelea. Kwa hiyo dawa ni kutokuwa mbishi. Ingekuwa hivyo ingekuwa rahisi. Tatizo ni kwamba ubongo unaosinzia ndio huo huo unaoulizwa, "Vipi, bado uko sawa?" Na ukishachoka, hauwezi tena kutoa jibu la kuaminika. Tuone kwa nini, halafu tuone tufanye nini.

Deni na saa

Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély wa Zurich, Uswisi, alipendekeza maelezo ya usingizi ambayo hadi leo wanasayansi wanayatumia. Alisema usingizi unaongozwa na mambo mawili yanayokwenda pamoja.

La kwanza ni deni. Ubongo ukifanya kazi unatumia nishati, na katika matumizi hayo kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kidogo kidogo. Kadiri inavyozidi, ndivyo hamu ya kulala inavyopanda. Fikiria daftari la madeni dukani kwa Mangi: kila saa unayokaa macho anaongeza mstari, na malipo pekee anayoyakubali ni kulala. Pesa nyingine hachukui.

La pili ni saa ya mwili. Ndani kabisa ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna kundi dogo la seli zipatazo 20,000. Seli hizi hupanga mwili wako uwe macho lini na upoe lini, zikisaidiwa na mwanga wa jua. Saa hii ina tabia mbili ambazo kila dereva anapaswa kuzijua.

Kwanza, jioni, masaa machache kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala, inakupandisha. Inasukuma mwili uwe macho ili ulifikishe deni la siku nzima hadi usiku. Ndiyo maana saa 3 usiku ulijisikia mzima. Haikuwa kwamba huna deni. Deni lilikuwepo, ila saa ya mwili ilikuwa imelibeba.

Pili, baada ya usiku wa manane inakuachia. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, na hasa saa 9 hadi saa 11, joto la mwili linashuka na uchangamfu unashuka nalo. Sasa deni lote la masaa 20 na zaidi linakuangukia kwa mpigo. Kuna mteremko mwingine mdogo mchana, kati ya saa 8 na saa 10, ule tunaousingizia ugali. Ugali unachangia, lakini hata usipokula, saa ya mwili inateremka.

Kwa hiyo mtu anayesema "nitaendesha tu, mbona najisikia vizuri" wakati wa kuondoka anapima kitu ambacho hakitakuwepo masaa matano baadaye.

Sawa na aliyekunywa

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo lilishtua wengi. Waliwapima watu uratibu wa macho na mikono kwa kutumia kompyuta, mara moja wakiwa wamekeshwa, na siku nyingine wakiwa wamenyweshwa pombe kidogo kidogo. Kisha wakalinganisha. Baada ya masaa 17 ya kukaa macho, watu walifanya vibaya sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi ndio ukomo wa dereva. Baada ya masaa 24 walikuwa sawa na mtu wa asilimia 0.10. Huyo sasa ni mlevi.

Rudi kwenye safari yetu. Hakuna shemeji atakayemkabidhi funguo mtu anayepepesuka, halafu amwambie "tupeleke Moshi na watoto". Lakini mtu aliyeamka saa 11 alfajiri tunampa funguo saa 3 usiku, tena tunamshukuru.

Na kuna tofauti moja inayofanya usingizi uwe mbaya zaidi. Mlevi anaendesha vibaya, lakini bado anaona, anachelewa tu kufanya uamuzi. Aliyelala haoni kitu kabisa.

Sekunde nne

Ubongo uliochoka haungoji ruhusa. Unajichukulia vipande vidogo vya usingizi, vya chini ya sekunde moja hadi sekunde 15 hivi. Tuuite usingizi wa sekunde. Macho yanaweza kufumba, lakini pia yanaweza kubaki wazi huku ubongo haupokei kinacholetwa na macho hayo.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba hata kabla ya hapo mambo yanakuwa yameshaharibika. Waliwaweka panya macho kupita muda wao wa kulala, huku wakisikiliza seli zao za ubongo. Panya walikuwa macho, wanatembea, wanacheza na vitu. Lakini makundi madogo ya seli kwenye ubongo yalikuwa yanazimika kwa muda mfupi, moja hapa, jingine pale, kama taa za mtaa zinazozima na kuwaka. Na seli za eneo linaloongoza mkono zikizima wakati panya ananyoosha mkono kuchukua chakula, anakosea. Kwa maneno mengine, unaweza kuwa macho kwa jumla na umelala kwa sehemu.

Sasa tuipeleke hesabu barabarani. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linapita karibu mita 28 kila sekunde. Usingizi wa sekunde 4 ni mita 111, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira wa kawaida, bila dereva. Na gari halihitaji kukata kona ili liue. Likielemea upande mmoja kwa digrii 2 tu, katika mita hizo 111 linakuwa limehama karibu mita 4 pembeni. Upana wa njia moja ya barabara kuu haufiki hapo. Yaani umefumba macho ukiwa upande wako, unafumbua ukiwa upande wa lori.

Ndiyo maana ajali za usingizi zina sura yake. Mara nyingi hakuna alama za breki kwenye lami. Aliyeona hatari hukanyaga breki au hukwepa, hata akichelewa. Aliyelala hafanyi lolote, na gari linagonga kwa mwendo uleule liliokuwa nao. Hata ajali ikiwa ya gari moja tu lililoacha njia, uharibifu wake ni mkubwa.

"Sijalala, naangalia"

Si unamjua baba kwenye kochi wakati wa taarifa ya habari? Kichwa kimelala begani, mdomo wazi, anakoroma kidogo. Ukibadilisha chaneli tu anafumbua macho: "Rudisha hapo, mimi naangalia." Ukimwambia alikuwa amelala, anakasirika.

Baba hadanganyi. Watafiti wakiwaamsha watu dakika ya kwanza au ya pili baada ya vipimo vya ubongo kuonyesha wamelala, wengi husema hawakuwa wamelala. Mlango wa usingizi hauachi kumbukumbu. Kwenye kochi hilo ni jambo la kucheka. Kwenye usukani lina maana kwamba unaweza kulala mara tano kati ya Mombo na Same na ukaapa hukulala hata mara moja.

Hata uchovu wa muda mrefu unajificha hivyo hivyo. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya watu waliopewa nafasi ya kulala masaa 8, 6 au 4 kila usiku kwa siku 14. Waliolala masaa 6 au pungufu waliendelea kushuka siku hadi siku, hadi wengine wakawa sawa na mtu aliyekesha usiku mmoja au mbili mfululizo. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wamechoka kidogo tu, wameshazoea. Mwili ulikuwa haujazoea kitu. Kilichokuwa kimezoea ni kipimo chao.

Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi nimezoea kuendesha usiku, usingizi haunisumbui", hajakupa ushahidi wowote.

Ambavyo havisaidii

Kila dereva ana dawa yake. Kufungua dirisha. Kuongeza sauti ya muziki. Kutafuna bigijii au karanga. Kunawa uso. Kujipiga makofi. Watafiti Jim Horne na Louise Reyner wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliwajaribu madereva wenye usingizi kwenye mashine inayoiga gari, wakawapa hewa baridi usoni na redio. Unafuu uliopatikana ulikuwa mdogo na wa muda mfupi. Na ni rahisi kuelewa kwa nini: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachogusa daftari la Mangi. Vinakustua tu, halafu mwili unazoea mstuko.

Kahawa ni tofauti kidogo. Kafeini inakaa kwenye zile sehemu za seli ambazo adenosini ingekaa, kwa hiyo ubongo hausikii deni kwa muda. Lakini deni lipo, na linaendelea kuandikwa. Kahawa inafunika daftari, hailipi. Na inachukua kama nusu saa kufanya kazi vizuri. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinategemea kafeini hiyo hiyo, na chai ya rangi inayo, ila pungufu. Nguvu yake ikiisha, deni unalikuta limeongezeka.

Angalia pia dawa za mafua na aleji. Baadhi ya zile za zamani, kama klofeniramini, zinaleta usingizi hata kwa mtu aliyelala vizuri. Muulize mfamasia kabla ya safari. Na kama unakoroma sana, unakatika pumzi usingizini, na mchana unasinzia hata baada ya kulala usiku kucha, hilo ni suala la daktari. Huenda masaa unayodhani umelala mwili haukulala kweli.

Kinachosaidia

Kwa kuwa ubongo uliochoka hauwezi kuamua vizuri, uamuzi mkubwa ufanyike kabla hujachoka.

Kabla ya safari, usiulize "najisikiaje?" Uliza maswali yenye majibu ya namba. Jana nililala masaa mangapi? Nitakuwa nimekaa macho masaa mangapi nikifika? Je, nitakuwa kwenye usukani kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi? Kama ulilala chini ya masaa 5, au safari itakuvusha masaa 17 ya kukaa macho, badilisha mpango: lala kwanza, au mtafute dereva mwingine aliyelala. Na usijidanganye kwa kuamka saa 8 usiku ili "kutoka alfajiri". Hapo umekata usingizi katikati na kujitupa barabarani wakati ule ule mbaya.

Misiba ndiyo migumu zaidi, kwa sababu msiba hauchagui saa. Simu inaingia usiku, watu wanakusanyika, na wale wale waliokesha wakilia ndio wanaokamata usukani kwenda kuzika, kisha wanarudi siku hiyo hiyo ili kesho wawe kazini. Hapa familia iweke kanuni mapema: aliyefiwa haendeshi, na aliyekesha matangani haendeshi. Atafutwe jirani au rafiki aliyelala.

Njiani, pumzika mara kwa mara, hata kama hujioni umechoka. Sheria za Ulaya zinamtaka dereva wa lori au basi apumzike dakika 45 kila baada ya masaa 4 na nusu ya kuendesha. Wewe huhitaji kungoja muda wote huo. Kila masaa mawili shuka, jinyooshe.

Dalili zikianza, umeshachelewa, kwa hiyo simama. Dalili zenyewe ni hizi: kupiga miayo mfululizo, macho mazito, kichwa kudondoka, gari kugusa ukingo wa lami, kupita kibao bila kukisoma, mwendo kupanda na kushuka bila sababu. Na ile kubwa kuliko zote: kugundua kwamba hukumbuki kilomita chache zilizopita. Usiseme "nijikaze hadi Same". Ingia sheli yenye taa na watu, si pembeni ya barabara kuu ambako lori linaweza kukufuata.

Ukishasimama, fanya hivi. Kunywa kahawa, vikombe viwili kama ni ya kawaida, halafu hapo hapo jiegeshe dakika 15 hadi 20. Mpangilio huu Horne na Reyner waliujaribu, na ulishinda kahawa peke yake au kulala kidogo peke yake. Sababu yake ni nzuri: usingizi mfupi unapunguza deni kidogo, na unapoamka kafeini ndiyo inaanza kazi. Weka kengele ya simu, kwa sababu ukizidisha unaingia usingizi mzito na utaamka na kichwa kizito. Subiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha gari. Na ujue umenunua saa moja au mbili tu za kufika mahali pa kulala. Hujanunua usiku mzima.

Shahidi yuko kiti cha pembeni

Kama dereva ndiye wa mwisho kujua, basi wa kwanza kujua anaweza kuwa wewe abiria. Aliyekaa mbele ana kazi: asilale. Akitaka kulala, amwamshe mwingine akae mbele.

Tunajua ugumu wake. Utamwambiaje baba mdogo, aliyekulipia ada, kwamba anasinzia? Atakujibu, "We mtoto, mimi nimeanza kuendesha hujazaliwa." Basi usibishane naye kuhusu usingizi, maana hilo halijui. Mpe sababu nyingine: "Ba'mdogo, naomba tusimame sheli inayofuata, nimebanwa." Hakuna mzee atakayekataa hilo. Mkishasimama, nunua kahawa, mletee, na mwombe apumzike wakati wengine wanajinyoosha. Heshima imebaki, na nyote mmebaki.

Kwenye basi ni hivyo hivyo. Mwaka 2023 Tanzania iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi, kwa hiyo sasa abiria wengi zaidi wako barabarani saa 9 usiku. Mwenye basi anapaswa kukumbuka kwamba dereva wa pili anasaidia tu kama naye amelala, na usingizi wa kwenye kiti kinachorukaruka si sawa na wa kitandani. Ukiona basi linayumba, usinyamaze. Mwambie konda. Asiposikia, tumia namba za simu zilizobandikwa ndani ya basi. Dereva wa basi au lori mara nyingi hakujipangia ratiba, amepangiwa. Sauti ya abiria inaweza kuwa ndiyo ruhusa aliyokuwa anaihitaji ili asimame.

Turudi kwenye ile safari ya Desemba. Mizigo imefungwa, saa 3 usiku imefika, na wewe unajisikia vizuri. Hiyo nguvu ni ya kuazima. Zima taa, lala, amka saa 11 kama ulivyozoea, mtoke jua likichomoza. Moshi haihami. Chai ya asubuhi mtaikosa, ni kweli, lakini mtawahi chakula cha jioni, wote mliopanda gari.